Kubadilisha ukingo wa sponji kwenye spika kuukuu bila kuharibu koili

Spika nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zinazotupwa bado ni nzima. Kilichooza ni ukingo wa sponji unaoshikilia koni (sehemu inayotikisika kutoa sauti) kwenye fremu. Sponji hiyo huliwa na unyevu na hewa, na baada ya miaka 15 hadi 25 hugeuka unga au hunata kama lami, hata kama spika haikupigwa. Ukingo wa mpira au wa kitambaa huishi muda mrefu zaidi. Kama haujachanika, ufute vumbi uuache.

1. Pima kabla ya kununua chochote. Toa spika kwenye boksi na uandike waya upi ulikuwa kwenye nguzo ipi ya kuunganishia. Weka mita ya umeme kwenye omu, kipimo cha ukinzani. Spika ya omu 8 kwa kawaida husoma 5.5 hadi 7. Ya omu 4 husoma 3 hadi 3.8. Mita isiposoma kitu, kagua waya laini za kusokotwa zinazokwenda kwenye koni, kwa sababu hukatika kwa kukunjwakunjwa. Unaweza kuziunga kwa solda kidogo sana: ikipanda juu ya waya huufanya mgumu, na utakatika tena pembeni ya kiungo. Waya zikiwa nzima na mita bado kimya, koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni, ndani ya sumaku) imeungua au imekatika. Ukingo mpya hautasaidia.

Kisha sukuma koni kwa vidole vya mikono miwili, milimita chache tu, sawasawa pande zote. Ukingo ukiwa umechanika koni hulala upande, kwa hiyo mkwaruzo mdogo usikuogopeshe. Iinue ikae katikati, ujaribu tena. Ikiendelea kukwama, kuna uchafu ndani, au koili imevimba, au sumaku imehama baada ya spika kuanguka. Ya kwanza tu ndiyo inayotibika kwa urahisi nyumbani. Usifungue sumaku, hasa ya alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti): ikitenganishwa hupoteza nguvu.

2. Chukua vipimo. Neno "inchi 10" halitoshi. Pima kipenyo cha koni, kipenyo cha fremu pale ukingo unapokaa, na upana wa tuta la ukingo, yaani sehemu yake iliyoinuka. Angalia pia kama ukingo ulibandikwa juu ya koni au chini yake.

3. Safisha. Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu hufanya haraka. Bandua gasketi (pete inayofunika ukingo kwenye fremu), kwangua sponji, halafu toa gundi ya zamani kwenye fremu kwa pamba yenye spiriti ya aisopropili. Kwenye koni ya karatasi tumia tone dogo na ukucha. Asetoni iache kabisa: ikitiririka hadi kwenye koili huyeyusha gundi yake. Karatasi isafishwe kwa brashi laini kavu; koni ya plastiki inavumilia kitambaa chenye unyevu. Bisibisi ikae mbali, kwa kuwa sumaku huivuta ghafla ikatoboa koni. Kupaka koni rangi ing'ae ni tamaa ya macho tu. Uzito unaoongezeka hubadilisha sauti.

4. Weka koili katikati. Kata kifuniko cha vumbi kilicho katikati ya koni kwa wembe mkali, ukiacha milimita moja ya ukingo wake. Viringisha tepu ya karatasi juu ya kadi nyembamba, gundi ikitazama nje, uizungushe ndani ya pengo kati ya koili na sumaku mpaka itoke safi. Usipulize hewa, kwani husukuma chembe chini zaidi. Kisha chomeka vipande vinne vya filamu ya plastiki, unene wa milimita 0.1 hadi 0.2, kati ya koili na kiini cha sumaku kilicho katikati, kama saa 12, 3, 6 na 9. Vibane kidogo, visilazimishwe.

5. Gundisha. Kwa karatasi tumia gundi nyeupe ya PVA. Kwa koni ya plastiki ya polipropilini tafuta gundi iliyoandikiwa plastiki hiyo, maana PVA hubanduka. Epuka gundi ya papo hapo, haikupi nafasi ya kurekebisha. Anza na koni na uiache ikauke. Halafu paka fremu utepe mwembamba, ubonyeze ukingo pande zote kwa dakika 10 hadi 15. Acha saa 24.

6. Jaribu kabla ya kufunga. Toa filamu na upige sauti nzito ya Hz 30 (mitetemo 30 kwa sekunde) kwa nguvu ndogo. Spika ndogo itosheke na Hz 50. Koni isogee kimya. Ikikwaruza, lainisha gundi ya fremu kwa maji ya uvuguvugu, sogeza ukingo, rudia.

Gusa nguzo za kuunganishia waya kwa betri ya volti 1.5, chanya kwenye nyekundu: koni itoke nje. Spika za zamani za kampuni ya JBL hufanya kinyume, na hilo si kosa. La muhimu ni spika mbili za jozi zifanane.

Mwisho bandika kifuniko cha vumbi kwa utepe mwembamba wa gundi, na urudishe skrubu kwa kuvukana, si kwa kuzunguka. Fremu ikipinda, koili inahama tena.