Kerneli ikigoma kujengeka, usisome mstari wa mwisho

Ukijenga kerneli ya Linux (kiini cha mfumo huo) kutoka kwenye msimbo wake kwa amri ya make -j8, kazi 8 zinakwenda kwa pamoja. Ikikwama, usihangaike na ule "Error 2" wa chini kabisa. Huo ni mwangwi tu, kosa lenyewe limeshapita juu huko likafunikwa na ujumbe wa mafaili mengine. Endesha make -j1: yaliyokwisha kujengwa hayarudiwi, na itasimama palepale penye tatizo. Ukiona "Killed", mara nyingi msimbo hauna kosa, RAM ndiyo imeisha, kwa hiyo punguza namba ya -j.

Halafu, kabla ya make localmodconfig, amri ya kupunguza mipangilio ya kerneli kabla ya kuijenga, chomeka vifaa vyako vyote vya USB. Inabakiza moduli (vipande vya kerneli, kama viendeshi vya vifaa) zilizopakiwa wakati huo tu. Mimi nilisahau kamera, nikajenga upya.