Namna ya Kukokotoa Umbali na Muda wa Kuruka kutoka Tanga hadi Dar es Salaam

Mkazi wa Tanga akiulizwa Dar es Salaam iko umbali gani, aghalabu hujibu kwa hesabu ya basi: kilomita zipatazo 350, kwa kuwa barabara kuu huingia bara hadi Segera, ikateremka mpaka Chalinze, ndipo ikageukia pwani. Ndege haipiti Segera. Kwa hiyo anayekadiria muda wa kuruka kwa kutumia kilomita za barabara hukosea kabla hata hajaanza kugawanya.

Fungua ramani ya simu, kisha ubonyeze juu ya njia ya kurukia bila kuinua kidole mpaka namba mbili zitokee. Kwa Tanga utaona takriban -5.092 na 39.071, kwa Dar es Salaam, -6.878 na 39.202. Namba ya kwanza ni latitudo, na alama ya kutoa huonyesha kwamba tuko kusini mwa ikweta; ya pili ni longitudo. Tafuta tofauti ya latitudo, ambayo ni 1.786, uizidishe kwa 60, upate 107. Hizo ni maili za baharini, kwa sababu kila nyuzi hugawanywa katika dakika 60 (si dakika za saa), na dakika moja ya latitudo ni sawa na maili moja ya baharini, yaani kilomita 1.852. Tofauti ya longitudo, 0.131, hutoa maili 8 tu. Huku kwetu karibu na ikweta unaweza kuitendea longitudo kama latitudo bila kosa la maana, jambo ambalo mtu wa London hawezi kulifanya, kwani kule nyuzi za longitudo zimebanana sana. Ukitumia kanuni ya Pythagoras, zile maili 8 karibu hazibadilishi kitu: jibu hubaki maili 107, au kilomita 198.

Muda hutegemea ndege. Ndege ndogo ya injini moja kama Cessna Caravan ikienda kilomita 300 kwa saa, gawanya 198 kwa 300, kisha uzidishe kwa 60: dakika 40. Ongeza dakika kama 10 za ndege kutembea uwanjani, kupaa na kujipanga kutua. Usisahau upepo, ambao wavuvi wetu wanaujua kuliko abiria wengi. Kusi ikivuma kwa kilomita 35 kwa saa, ndege iendayo Dar es Salaam hukabiliana nayo uso kwa uso, na zile dakika 40 huwa 45. Wakati wa kaskazi, upepo wa kasi hiyohiyo ukiisukuma kutoka nyuma, hushuka hadi 35 au 36.

Kabla ya kumwahidi mtu saa ya kukupokea, soma tiketi uone kama ndege inapitia visiwani. Tanga hadi Pemba ni kilomita 84, Pemba hadi Unguja 125, na Unguja hadi Dar es Salaam 73. Jumla ni 282, na kila kituo kina muda wake wa kushusha na kupakia, ambao mimi huuhesabu dakika 20. Kwa mwendo uleule, kuruka peke yake ni dakika 56, vituo viwili ni dakika 40, na ukiongeza zile 10 za kutua na kupaa kwa kila kipande cha safari, mwenyeji wako atakungoja saa mbili na zaidi tangu ulipoondoka Tanga.