Jinsi ya Kutengeneza Mapambo ya Krismasi kwa Nguo za Mitumba

Anayekwenda soko la mitumba kutafuta malighafi ya mapambo anapaswa kuchagua tofauti kabisa na anayetafuta nguo ya kuvaa. Mvaaji hutazama saizi, mtindo na madoa; mtengenezaji wa mapambo hutazama kitambaa chenyewe, rangi yake na namna kilivyofumwa, kwa sababu sweta lililotoboka kiwikoni au shati lenye doa la wino mfukoni bado lina sehemu kubwa iliyo nzima. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, nguo ninayoipendekeza kuliko zote ni sweta zito la sufu. Mabelo yanayotoka Ulaya na Amerika Kaskazini huja na masweta yaliyoshonwa kwa ajili ya majira ya baridi ya huko, na ifikapo Novemba na Desemba, joto likiwa limepamba moto, wateja wa masoko ya Karume na Manzese huyapita bila kuyagusa. Wakati huo muuzaji hukubali bei ambayo mwenzake wa Arusha au Moshi asingeisikiliza mwezi wa Julai.

Ni muhimu kuhakikisha kwamba sweta ni la sufu halisi, maana hatua inayofuata haifanyi kazi kwa uzi wa viwandani. Soma lebo ya shingoni au ya ubavuni: nguo nyingi huandikwa Wool, Laine, Lana au Wolle, kutegemea nchi zilikotengenezewa. Lebo ikiwa imekatwa, nunua ukikisia, kisha ukifika nyumbani chomoa nyuzi mbili tatu na uziunguze juu ya sahani ya bati. Sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu yanayopondeka kwa vidole, ilhali poliesta na akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu. Jihadhari pia na sweta la sufu ambalo lebo yake inaruhusu lifuliwe kwa mashine, kwani mara nyingi sufu hiyo imetiwa dawa ya kuizuia isisinyae, na hapa kusinyaa ndiko tunakokutafuta.

Unyoya wa kondoo una magamba madogo sana yasiyoonekana kwa macho. Ukiulowesha kwa maji ya moto yenye sabuni na kuusuguasugua, magamba hayo hushikana na hayaachani tena, hivyo kitambaa hupungua ukubwa, huwa kinene na hakichanuki nyuzi kinapokatwa. Weka sweta kwenye beseni la maji ya moto kadiri mikono iliyovaa glavu za mpira inavyoweza kustahimili, paka sabuni ya mche, kisha likande na kulisugua kwa nguvu kwa dakika ishirini hadi thelathini, ukiongeza maji ya moto kila yanapopoa. Suuza kwa maji baridi na urudie mpaka alama za ufumaji zipotee juu ya kitambaa. Kata pembe ndogo kwa mkasi: ukingo ukibaki imara, kazi imekamilika, nyuzi zikianza kuchomoka, rudi kwenye beseni. Masweta mekundu yafuliwe peke yake, kwa sababu mengi huchuja rangi, na yote yaanikwe kivulini yakiwa yametandazwa bapa.

Kitambaa kikikauka, chora nyota, kengele au ndege kwenye boksi la karatasi ngumu ili upate kielelezo cha kukatia. Nyota yenye upana wa sentimita 8 inatosha. Kubwa zaidi ya hapo huelemea matawi, hasa ya mvinje, ambao ndio mti wa Krismasi katika nyumba nyingi za pwani na ambao vitawi vyake vyembamba hulegea upesi. Kata vipande viwili vinavyolingana, vishone pamoja ukingoni kwa uzi mnene wa rangi tofauti, acha upenyo mdogo, jaza mabaki ya sweta yaliyokatwakatwa, halafu ufunge. Wapo wanaojaza sufi, ile pamba ya mti wa msufi, na ni kweli nyota hutuna vizuri na kuwa nyepesi, ila sufi hushika moto upesi mno. Katika nyumba inayowasha mishumaa mimi nisingeitumia. Macho ya ndege yawe vifungo vidogo vya mashati, ambavyo hupaswi kamwe kuvinunua dukani ukiwa na rundo la mitumba mbele yako.

Sweta la akriliki nalo halitupwi. Mkono wake, ukikatwa juu ya kiwiko, huvikwa chupa au gudulia tupu likawa chombo cha kupambia meza, na uzi wake unaweza kufumuliwa. Kabla ya kufumua, geuza nguo ndani nje uchunguze mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushiwa nyuzi za mashine ya ovaloki, kila mstari utakatika na utaambulia vipande vifupi. Kingo zikiwa nzima na mshono umepita katikati yake tu, fumua mshono huo kwanza, kisha uvute uzi kuanzia juu nao utakuja mrefu. Vipande vifupi vinafaa kwa vishungi vya duara: zungusha uzi kwenye vidole vitatu mara themanini hivi, funga kwa nguvu katikati, kata vitanzi vya pande zote mbili, kisha punguza kwa mkasi mpaka duara likae sawa.

Mashati ya pamba na fulana hutoa shada la mlangoni. Chukua hanga ya waya, inyooshe na uikunje iwe duara, ukiacha kulabu yake kwa ajili ya kutundikia. Kata vitambaa katika vipande vya sentimita 3 kwa 15, kisha funga kimoja kimoja kwenye waya kwa fundo moja, ukivisukuma vibanane. Duara la kawaida humeza vipande mia moja na hamsini au zaidi, kwa hiyo kazi hii wapewe watoto wakiwa wengi. Kijani cha aina tatu au nne zilizochanganywa hupendeza kuliko kijani kimoja. Utepe wa kufungia juu upatikane kwenye tai ya kiume: tai hukatwa mshazari wa kitambaa, hivyo hukunjika kwa ulaini bila kuweka mikunjo migumu.

Mapambo yote haya yakae mbali na mishumaa, na taa za kuzungushia mti ziwe za LED, kwa kuwa zile za zamani za balbu hutoa joto linaloweza kuunguza kitambaa cha poliesta. Yakiondolewa Januari, anika kila kipande siku nzima kabla ya kukihifadhi, kwa kuwa unyevu wa pwani huleta ukungu ndani ya mfuko, na vitu vya sufu vifungwe peke yake kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana ili nondo wasivifikie.