Ongea ukitembea, usiitegemee saa ya mkononi

Kama umefanyiwa ablesheni ya moyo (matibabu ya kuunguza au kugandisha sehemu ndogo za moyo zinazovuruga mapigo, kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa kinena) na daktari amekuruhusu kuanza kutembea, pima kasi yako kwa mdomo: piga gumzo na mwenzako njiani. Ukimaliza sentensi nzima bila kukatiza kuvuta pumzi, endelea. Ukishindwa, punguza mwendo. Mimi nilianzia barabara ya Dunga hapa Kisumu kwa sababu ni tambarare. Kilima cha Riat nilikiacha kabisa mwanzoni. Njia hii inafaa kwa kuwa baada ya ablesheni mapigo ya moyo uliopumzika huweza kuwa juu kwa wiki au hata miezi, na dawa kama bisoprololi nazo huyashusha, hivyo namba za saa hupotosha. Lakini kuongea hakukuambii lolote kuhusu kidonda cha kinena, ambacho mzigo mzito huweza kukifungua. Jerikeni la lita 20 ni kilo 20: wiki ya kwanza waachie wengine walibebe, tafadhali, hata ukijisikia mzima. Na ukishikwa na kizunguzungu, maumivu ya kifua, au moyo ukienda mbio bila kutulia, acha kujipima. Kaa chini, tafuta msaada wa hospitali mara moja.