Kubadilisha Boila ya Zamani Katika Nyumba ya Uingereza

Nyumba nyingi za Uingereza hupashwa joto kwa boila ya gesi, mashine inayopasha maji moto na kuyazungusha kwenye redieta za vyumbani. England na Wales, tangu Aprili 2005, kanuni za ujenzi zinataka boila mpya ziwe za aina inayovuna joto la mvuke wa moshi kabla haujatoka nje. Boila ya kabla ya hapo, kwa kawaida, hupoteza gesi nyingi kupitia bomba la moshi, na vipuri vyake ni vigumu kupatikana. Mwenye nyumba asisubiri izimike Januari. Afanye kazi hii kati ya Mei na Septemba, mafundi wanapokuwa na nafasi na familia inapoweza kukaa siku mbili bila joto. Aliyepanga nyumba hahusiki na gharama hii, kwani matengenezo ya boila ni wajibu wa mwenye nyumba.

Jambo la kwanza ni fundi. Kisheria, anayefanya kazi ya gesi lazima awe ameandikishwa katika Gas Safe Register, daftari la mafundi wa gesi lililochukua nafasi ya lile la zamani la CORGI mwaka 2009. Mwombe kitambulisho chake, utazame picha, namba na tarehe ya mwisho, kisha ukigeuze, kwa sababu nyuma yake ndiko zilikoandikwa kazi anazoruhusiwa kufanya. Hata kama una ndugu aliyefunga mabomba ya maji kwa miaka mingi Mombasa au Dar es Salaam, usimpe kazi hii kama hana kitambulisho hicho. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inaweza kuua watu wakiwa usingizini.

Baada ya hapo chagua aina. Boila ya kombi hupasha maji ya bomba papo hapo bila tangi, na kwa hiyo huokoa nafasi, lakini haiwezi kutoa maji mengi kuliko yanayoingia nyumbani. Weka ndoo ya lita 10 chini ya bomba la maji baridi la jikoni, ulifungue lote na uhesabu muda: ikichukua dakika nzima kujaa, watu wawili hawataweza kuoga kwa raha kwa wakati mmoja. Familia kubwa yenye bafu mbili, kwa maoni yangu, ibaki na tangi la maji ya moto.

Ukubwa ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Fundi mwenye haraka husoma kilowati za boila ya zamani na kuleta nyingine ya kiasi hicho hicho, au kubwa zaidi, ilhali huenda nyumba imeshawekewa madirisha ya vioo viwili na sufi ya kuzuia joto darini, na haihitaji tena nguvu hiyo. Boila iliyozidi huwaka na kuzimika kila mara, ikichakaa upesi na kula gesi bure. Dai hesabu ya joto linalopotea chumba kwa chumba, na upate makadirio ya mafundi watatu kwa maandishi. Kabla ya kutia saini, uliza pia kuhusu pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto kutoka hewani au ardhini, kwa kuwa England na Wales kuna ruzuku ya serikali ya pauni 7,500 kwa anayeachana na boila ya gesi na kutimiza masharti.

Siku ya kazi, hakikisha mabomba na redieta zinasafishwa kabla mashine mpya haijaunganishwa. Maji yanayotoka kwenye mfumo wa zamani mara nyingi huwa meusi kama wino wa ngisi. Weusi huo ni chembe za kutu, na zikiachwa zitaziba boila mpya. Baada ya kusafisha, fundi aweke chujio la sumaku na dawa ya kuzuia kutu. Bomba dogo la maji yanayotokana na mvuke uliopoa lipite ndani kadiri inavyowezekana. Likipita nje liwe pana zaidi na livikwe vizuri, la sivyo litaganda wakati wa baridi kali na boila itazima.

Mwisho, mwambie fundi apunguze joto la maji yanayokwenda kwenye redieta. Boila huvuna mvuke vizuri pale maji yanayorudi yanapokuwa chini ya nyuzi 55 hivi, na mara nyingi huachwa ikiwa imepandishwa mno. Mwenye tangi asishushe joto la maji yaliyohifadhiwa chini ya nyuzi 60, kwa kinga dhidi ya bakteria. Funga king'ora cha kaboni monoksaidi katika chumba chenye boila. Fundi anatakiwa kuhakikisha halmashauri inaarifiwa ndani ya siku 30, nawe utapata cheti ambacho wakili wa mnunuzi atakidai siku utakapouza nyumba. Boila ikaguliwe kila mwaka, kwani dhamana nyingi hufutika bila ukaguzi huo.