Kibarua cha Kwanza Malindi Ukiwa Bado Sekondari

Anza na kalenda. Likizo ya Aprili huangukia mwanzo wa masika: watalii wamepungua na baadhi ya hoteli zimefunga. Usimalize nauli ya tuktuk kuzigongea milango. Jaribu maduka ya jumla, saluni, au wauza vitabu na sare, wanaozidiwa wiki ya kufungua shule. Hoteli ziache hadi Agosti na Desemba, lakini omba wiki 3 mapema. Ukingoja shule zifungwe, nafasi zimeshachukuliwa na wapwa wa mameneja.

Nenda mwenyewe, saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Ijumaa adhuhuri usiende, maduka mengi yamefungwa kwa swala. Beba karatasi moja tu: jina, kidato, siku ulizo huru, lugha (hata Kiitaliano cha kuokoteza kiandike) na simu ya mzazi. Kwa kuwa huna kitambulisho, ongeza nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kazi ya chakula huhitaji pia cheti cha afya.

Sheria ya Kenya inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 13, mradi isidhuru afya wala masomo.

Wengi hukwama kwenye malipo. "Njoo tu, tutaona" si mshahara. Uliza kabla ya kushika ufagio: ni kwa siku au kwa wiki, chakula kimo, pesa zitaingia M-Pesa ya mzazi lini? Mwajiri akikudai "hela ya fomu", aga uondoke.