Jinsi ya kufuatilia ofisi za vibali na vizuizi vya jeshi la Israel huko Palestina, uwe pale pale au uwe mbali

Wengi wakitaka kufuatilia mambo ya Ukingo wa Magharibi wanakimbilia foleni ya kizuizini kwa sababu ndo inayopigika picha, ila mi nawaambia anzeni na ofisi ya vibali. Ile foleni ya Qalandia mnayoiona, kizuizi cha kati ya Ramallah na Jerusalem, ni ya watu ambao kibali wanacho tayari, yule alonyimwa hata hafiki pale, kabaki nyumbani na hamna kamera inayomwona, kwa hiyo ukihesabu foleni peke yake umehesabu nusu ya shida tu.

Ofisi zenyewe ziko chini ya Utawala wa Kiraia wa jeshi la Israel na kila eneo lina yake, watu wa Bethlehem kwa mfano wanaenda Etzion. Mwenye kitambulisho cha kijani, yaani Mpalestina wa Ukingo wa Magharibi, kwa kawaida haingii Jerusalem Mashariki bila kibali, iwe anaenda hospitali, kazini au kuswali Al-Aqsa, na hata kufika shambani kwake mwenyewe anaomba kibali kama ule ukuta wa Israel umepita kati. Wazee wetu Kenya waliovalishwa kipande shingoni enzi za mkoloni hii wangeielewa bila kufafanuliwa. Siku hizi maombi mengi yanapita kwenye programu ya simu inaitwa Al-Munasiq, kwa hiyo nje ya ofisi panaweza kuwa kimya kabisa na bado watu wanakataliwa huko ndani ya simu, usidanganyike na ukimya.

Ukifika ofisini andika madirisha mangapi yako wazi, watu wangapi wanasubiri na tangu saa ngapi, tangazo gani limebandikwa na kwa lugha gani, mtu kaomba kibali cha nini na kajibiwa nini. Jibu utakalolisikia sana ni kwamba fulani amezuiliwa kwa sababu za kiusalama, basi, hapewi maelezo zaidi. Liandike hivyo hivyo lilivyo, usimtafutie sababu wewe.

Sasa kizuizini. Kizuizi kile cha Bethlehem kinachoitwa 300 wafanyakazi walikuwa wanaanza kujipanga usiku mkubwa ili saa kumi alfajiri geti likifunguliwa wapite wawahi kazi, kwa hiyo ukienda saa moja asubuhi ukasema pamepoa umechelewa wewe, hapajapoa. Chagua sehemu moja na muda mmoja, urudi hapo hapo wiki hadi wiki, maana idadi ya siku moja haisemi kitu mpaka uwe na ya kulinganishia. Kujua mtu anakaa muda gani kwenye foleni, chagua mtu wa mwisho aliyevaa kitu cha kuonekana, kofia nyekundu tuseme, andika saa aliyoingia, alafu mwenzako awe upande wa pili aandike saa aliyotoka. Hesabu vibanda vya ukaguzi vinavyofanya kazi, vinaweza kuwepo vingi na kimoja tu ndo kiko wazi. Angalia pia ule mlango wa wazee, wanawake na wagonjwa, umefunguliwa au umefungwa, na ukifungwa ni kwa muda gani.

Na hili la saa tafadhali sana wasomaji wa Kiswahili: kwenye daftari andika 04:00, usiandike saa kumi, maana mtu wa lugha nyingine akisoma ataelewa saa nne yetu ya asubuhi na ripoti nzima imeharibika.

Geti za mashambani zina utaratibu wake. Nyingine zinafunguliwa dakika chache asubuhi, mchana na jioni, nyingine zinafunguliwa msimu wa zeituni tu, Oktoba na Novemba hivi. Hapo cha kuandika ni saa iliyotangazwa na saa askari alofika kweli, na matrekta na watu wangapi wamerudishwa, kwa sababu mkulima akikosa lile geti la asubuhi siku yake ya kuvuna imeondoka.

Kitu kingine, usishangilie foleni fupi. Baada ya shambulio la Hamas la Oktoba 7, 2023 Israel ilisimamisha vibali vingi vya kazi, vizuizi vingine vikabaki vyeupe, na ule weupe ni maelfu ya watu wamekosa mshahara. Andika "hamna watu" alafu andika sababu unayoijua kwa uhakika. Weka kalenda ya sikukuu za Kiyahudi mkononi, maana sikukuu kubwa huja na kufungwa kwa jumla, hata mwenye kibali kwa kawaida hapiti, na Ramadhani nayo ina masharti ya umri, kama Ijumaa za 2024 ambapo wanaume walitakiwa wawe juu ya miaka 55 na wanawake juu ya 50, na kibali bado kilitakiwa.

Usalama wa watu uwe mbele ya kila kitu. Usiandike jina wala namba ya kitambulisho cha mtu, usimpige picha ya sura, kibali chake kinaweza kufutwa na wewe ukarudi kwenu salama. Askari akikuuliza jibu kwa adabu na usibishane naye, atakayesubirishwa zaidi ni yule aliye kwenye foleni.

Kazi hii ina wazoefu wake. MachsomWatch ni wanawake wa Israel walioanza 2001, wanasimama vizuizini na kwenye ofisi za vibali na kuandika ripoti. EAPPI, mpango wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ilianza 2002, inapeleka waangalizi wa kukaa miezi kama mitatu. Ukiwa mbali, soma ripoti zao sambamba na ramani za OCHA, ofisi ya misaada ya kibinadamu ya Umoja wa Mataifa, hao walihesabu vikwazo 849 vya njiani mwanzoni mwa 2025. Humo mageti, matuta ya udongo na mitaro vyote vimo, kwa hiyo ukinukuu usiseme vituo 849 vya askari. Na wale wanaoenda ziara ya Al-Aqsa au Bethlehem kutoka Mombasa na Dar, basi la watalii mara nyingi linapitishwa haraka, muda wa basi lenu msiuandike kama ndo muda wa mwenyeji.